Chapa Nyekundu ya El Comal

Jumatatu, 8 Aprili

Fidelia bado yuko kwa baba yake. Kahawa nimepika mwenyewe. Haikunyweka. Nimempa punda wangu, Gavana. Ameinusa, akageuza shingo.

Niweke mambo wazi, maana shajara isiyo na ukweli ni karatasi ya kuwashia moto tu. Mke wangu hakuniacha. Amekwenda kukaa ng'ambo ya korongo, kwa baba yake Don Gumaro, mpaka nipate kazi. Alisema mlangoni, akiwa ameshika furushi lake la nguo, kwamba amechoshwa na mipango yangu na sasa anataka kazi yenye kofia. Si kofia niliyojinunulia. Kofia niliyopewa na mtu mwingine kwa sababu ananiamini. Siku kofia hiyo itakapoingia nyumba hii, naye ataingia. Kisha akafunga mlango. Ni ule mlango aliotaka niupake rangi nyekundu tangu Krismasi. Nilipaka nusu.

Sasa kofia ipo! Mwalimu Irasema, yule mwanamke wa chuo kikuu anayepiga kambi huku kila masika kuchunguza mijusi wa miamba, aliiandikia serikali, na serikali imekubali tuchague mlinzi wa mijusi. Kazi ya kudumu. Kofia ya kijani, ina picha ya mjusi mbele. Don Gumaro ndiye mwenyekiti wetu sisi wenye ardhi ya pamoja, na kofia iko mezani kwake ndani ya mfuko wa nailoni. Uchaguzi ni Jumapili.

Wagombea ni wawili. Mimi, na binamu yangu Evaristo. Evaristo ana buti nzima, meno yote, na mbuzi wanaomtii. Mbali na hayo sioni sifa.

Mijusi hao nawajua tangu utotoni. Wanene, wavivu, ngozi ya shingo imelegea kama soksi ya mzee. Wanakaa kwenye vilima viwili: El Comal, nyuma ya nyumba yangu, na La Muela, nyuma ya nyumba ya Evaristo. Bibi yangu alikuwa akiwala na tortila, mkate wetu bapa. Siku hizi sheria inakataza. Naiunga mkono sheria, hasa wiki hii.

Mwalimu ameteremka mjini kuchukua vyakula, atarudi Jumamosi. Mimi kesho napanda La Muela kupeleleza. Ukitaka kumshinda mtu, ujue kwanza ana nini.

Jumanne, 9 Aprili

Wizi! 

Nilipanda La Muela jua likiwa limeanza kupasha mawe. Mijusi walikuwa wamejilaza juu ya majabali, weusi tii. Asubuhi huwa hivyo, ili wapate joto upesi. Jua likikolea wanapauka. Dume kubwa lilikuwa juu kabisa likijiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele, kama askari aliyeadhibiwa. Ndivyo linavyoyaambia madume mengine kwamba jabali lina mwenyewe. Nikasogea. Nikaona.

Ana namba mgongoni! Imeandikwa kwa rangi nyeupe. Wa pembeni yake ana namba nyingine. Kila mmoja ana yake.

Na ni nani huku kwetu anayepaka rangi nyeupe mifugo yake? Mbuzi wa Evaristo wamekatwa alama za masikio kama mbuzi wa kila mtu, lakini tangu mwaka jana wana pia doa jeupe kwenye pembe, awatambue kwa mbali. Doa jeupe! Rangi ni ile ile.

Kwa hiyo amewatia chapa mijusi. Amewafanya mifugo yake, na amewahesabu kabisa. Jumapili atasimama mbele ya mkutano aulize, mlinzi awe nani kama si mwenye mali? Nimemwona mpaka mwisho wa mawazo yake.

Nikakimbilia El Comal. Mijusi wangu, waliozaliwa nyuma ya nyumba yangu, nao wana namba! Amevuka korongo mimi nikiwa kwenye usingizi wa mchana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sheria ya milimani ni moja na inajulikana: mnyama asiye na chapa ni wa atakayemtia chapa kwanza. Na chapa iliyowekwa kwenye kilima cha mwenzako bila ruhusa ni batili. Hicho kipande cha pili sina hakika kama babu aliwahi kukisema, lakini angeulizwa angekisema.

Kumwuliza Evaristo mwenyewe? Hapana. Mwizi haulizwi. Mwizi anatanguliwa.

Jumatano, 10 Aprili

Mpango ni rahisi. Kuifuta chapa yake, kuweka yangu. Chapa yangu ni herufi N na mwezi mchanga juu yake. Mbuzi wangu wote wanayo. Wote wawili.

Utekelezaji si rahisi.

Mjusi wa mwamba akikuona anaingia kwenye ufa. Akishaingia anameza hewa. Anajaa, anavimba, mbavu zinagandamana na jiwe juu na chini, na hapo hata Gavana hawezi kumvuta. Ukishika mkia, unabaki na mkia. Nimebaki na mmoja leo. Uliendelea kucheza mkononi. Nimeuzika.

Bibi alikuwa na fimbo ya ncha kali, akimtoboa apungue upepo. Mlinzi mtarajiwa hawezi kutoboa watu wake. Basi nikasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Nikaingiza kichwa, mabega, kifua. Nikamgusa ubavuni. Akanipigia chafya ya chumvi machoni, maana hawa hutoa chumvi ya mwili kwa pua. Nikashtuka, nikavuta pumzi kwa nguvu.

Nikakwama.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia kengele za mbuzi, halafu buti, halafu mtu anaketi na kufungua chakula chake taratibu. Harufu ya jibini ilinifikia.

"Binamu, hiyo suruali naijua," Evaristo alisema. "Unatafuta nini humo?"

Nikamwambia nimefuata kivuli.

"Kivuli kipo na huku nje. Mimi nimekikalia."

Nikamtukana. Nilimtukana yeye, mbuzi wake, na shati alilovaa siku ya harusi yangu. Akawa anatafuna tu. Kila tusi lilinikaza zaidi.

"Unajaa, Nicanor. Kila ukikasirika unajaa. Mjusi hatoki hivyo, na wewe hutatoka hivyo."

Nikamwambia sihitaji ushauri wa mtu wa kopo la rangi nyeupe. Hakuelewa, au alijifanya.  Kisha akasema asubuhi alipita kwa Don Gumaro, na Fidelia alikuwa anaanua nguo.

"Kaniuliza kama unakula."

Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nimemwambia unakonda. Akaingia ndani."

 Nilimwona Fidelia akilini, amesimama na nguo mkononi. Pumzi ikanitoka, ndefu, kama iliyokaa kifuani tangu siku ile ya mlango. Nikateleza nje.

Evaristo alinikatia nusu ya tortila yake ya jibini. Nimeila. Adui akikulisha, kula, unampunguzia akiba.

Jumapili bado namshinda.

Alhamisi, 11 Aprili

Ushindi!

Jana katikati ya aibu yangu niliona kitu. Mjusi aliyenipigia chafya alikuwa na kipande cha ua la njano mdomoni. Hawa hawali nyama, hawanywi maji kwa miezi, ila ua la njano linawatoa akili. Basi alfajiri nilikwenda kwenye mkondo mkavu ambako miti ya palo verde imechanua, nikajaza kofia yangu ya zamani. Nikayamwaga maua juu ya jabali. Nikajibanza kwa chini na ufito, nchani nimefunga uzi wa kuvulia samaki wenye kitanzi.

Wakaja. Mmoja mmoja, kwa heshima, kama waalikwa. Mjusi wa mwamba anaogopa mkono na anaogopa kivuli cha mwewe, lakini kitanzi hakiogopi. Anakitazama tu. Unakipitisha kichwani, unavuta, umempata.

Nimefuta namba kwa sabuni ya Fidelia, ile nzuri. Nimepaka N na mwezi kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango. Nikawaachia. Wengine walirudi moja kwa moja kwenye maua bila kinyongo. Dume kubwa la jabali la juu la El Comal, lenye mkia uliokatika zamani, lilinitazama nikilipaka kama kinyozi na mteja wake. Lilikuwa namba 7. Sasa ni langu.

Mchana mawe yalipochoma wote waliingia nyufani. Nami nimeingia ndani. El Comal yote, kasoro wachache wenye kiburi, ina chapa ya Nicanor. Kesho La Muela. Hapana, La Muela ni ya Evaristo, nami ni mtu wa haki.

Kesho nitaifikiria La Muela.

Ijumaa, 12 Aprili

Mali yangu inajivua ngozi.

Nilipanda asubuhi kuifurahia, nikakuta vipande vya ngozi kavu juu ya mawe, na kwenye kipande kimoja mguu wa N. Ni msimu wao. Hawavui kama nyoka, gauni zima kwa mara moja. Wanavua viraka viraka. Mmoja amebaki na mwezi peke yake. Mwingine chapa yake inasomeka kama I. Nani mwenye I huku kwetu? Hakuna!

Nikapaka upya wale niliowakamata. Rangi inaelekea kwisha.

Mchana nilikwenda kwa Don Gumaro kwa kisingizio cha kuazima nyundo. Ijumaa ya Kwaresima, walikuwa wanakula maharagwe na jibini. Kofia nimeiona ndani ya mfuko wake. Nzuri mno. Fidelia alinitolea kahawa. Kahawa ya kweli. Nilisahau hotuba niliyoiandaa.

Aliviona vidole vyangu vyekundu. Akauliza kama ni mlango.

Nikasema ndiyo.

Akatabasamu. Kidogo tu, halafu akachukua kikombe. Lakini nimeliona. Ni tabasamu la kwanza kunielekea mimi tangu Januari, na nimelipata kwa uongo. Njia nzima nimemsimulia Gavana habari hiyo, na naye ameona ni vibaya.

Sasa inabidi nimalize mlango. Rangi iko chini kabisa ya kopo. Ama mlango, ama mijusi. Nimechagua mijusi. Kofia kwanza, mlango utafuata.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika haya nikiwa hai, jambo ambalo saa tano asubuhi halikutarajiwa.

Nilikuwa nabinua bamba la jiwe kumtafuta mmoja wa wale wenye kiburi. Chini yake alikuwamo salamankesa. Mjusi mdogo wa usiku, mlaini, rangi ya tortila mbichi, macho makubwa. Kila mtu wa milima hii anajua: salamankesa akikugusa, hufiki nyumbani. Huyu hakunigusa tu. Aliingia kwenye mkono wa shati, akapita kwapani, akatokea shingoni, akaenda zake.

Nikaketi chini nife vizuri.

Evaristo alikuwa bondeni na mbuzi. Nilimwita. Alipanda mbio, hilo nimpe. Nikamweleza kilichopita, naye akavua kofia. Basi nikaona nisiende huko na mzigo. Nikamwambia kila kitu: namba zake nimezifuta, mijusi wa El Comal sasa wana chapa yangu, namsamehe wizi wake naye anisamehe hasira yangu.

Evaristo alikunja uso.

"Namba zangu?" alisema. "Nicanor, zile namba ni za Mwalimu."

Akanieleza, na mimi nikiwa nakufa sikuweza hata kuziba masikio. Mwalimu Irasema ndiye aliyewaandika, mmoja mmoja. Haya ni masika ya pili anawafuata. Nani anatawala jabali gani. Nani kahama baada ya ukame. Majike gani yalitaga mwaka wa mvua na yapi yaligoma mwaka mkavu. Namba ikiwa mgongoni, anaisoma kwa darubini bila kumsumbua mjusi. Evaristo humbebea vyombo. Na ile rangi ya pembe za mbuzi wake ni mabaki aliyopewa kama zawadi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuuliza. Masika mawili anapita mbele ya mlango wako na kopo la rangi. Wewe umelala."

Akaketi karibu yangu kungoja nikate roho. Baada ya kitambo akaniuliza, kwa upole, kama ningejitoa kwenye uchaguzi, kwa kuwa sitakuwepo. Nikakubali. Tukapeana mikono. Jua likasogea. Nikaanza kuona njaa. Akauliza kama salamankesa aliniuma au alipita tu. Nikasema alipita. Akasema labda wa kupita huchukua muda. Tukangoja tena. Mwisho mbuzi wakaanza kutawanyika, akasema lazima aende, na akaniomba radhi.

Sikufa.

Ahadi ya mtu anayekufa ni ya marehemu. Marehemu hayupo. Kwa hiyo ahadi haipo. Bado nagombea.

Lakini kwanza, namba! Gari la Mwalimu linaonekana jioni likipanda njia ya mawe, naye huanza kazi alfajiri. Nilikoroga chokaa, nikachukua ufito na maua, nikafanya kazi mpaka jua likazama na wote wakaingia nyufani. Tatizo ni kwamba namba zenyewe sikumbuki. Nani angekumbuka? Namba 7 naikumbuka, ile ya dume la mkia uliokatika. Nyingine nimeweka zinazokaa vizuri mkononi.

Saba inakaa vizuri sana mkononi.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mkutano ulifanyika uani kwa Don Gumaro, chini ya banda la makuti. Watu wote walikuwepo. Fidelia alikuwa upande wa jikoni na birika la kahawa. Nilikuwa nimenyoa.

Don Gumaro alifungua kwa sala, akatoa kofia kwenye mfuko, akaiweka mezani. Kabla hajaita wagombea, Mwalimu Irasema aliomba kusema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema alfajiri alipanda El Comal, akaketi mahali pake pa siku zote na darubini. Akamwona namba 7 kwenye jabali la juu, kama kawaida. Halafu akamwona namba 7 kwenye jabali la chini. Halafu wa tatu akila ua. Wa nne alikuwa jike. Chini ya chokaa kulikuwa na rangi nyekundu, na juu ya mawe ngozi zenye vipande vya herufi. Alisema kazi ya masika mawili imechanganyika, na hajui kama itatenganishwa. Kisha akashindwa kuendelea, akaketi, akawa anatazama viatu vyake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wote wakageuka kutazama mikono yangu. Kucha nyekundu, vifundo vyeupe. Mwenye macho haambiwi tazama.

Don Gumaro akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Niliieleza sheria ya chapa tangu enzi za babu. Nilieleza kwa nini mtu mwenye akili timamu, akiona namba nyeupe na pembe nyeupe, lazima afikie nilipofikia. Naamini nilieleza vizuri. 

"Mkwe," Don Gumaro alisema, "chapa tunamtia ndama anayemfuata mama yake, na mama awe wako. Mama wa hawa mijusi yuko zizini kwako?"

Walicheka mpaka birika likawekwa chini.

Hapo Evaristo akaona mlango umefunguka. Akasimama, akasema mambo haya yasiwachoshe watu, kwa kuwa Nicanor alishajitoa jana mbele ya shahidi. Shahidi ni yeye. Jana, alipoungama habari ya zile namba.

"Jana?" Mwalimu alisema. "Ulijua jana? Umenisaidia kushusha mizigo jana jioni. Umenywa chai kambini kwangu."

Evaristo akaketi. Sijawahi kuona mtu anapoteza kofia haraka hivyo. Kwa dakika moja nilikuwa na furaha kamili.

Ndipo Fidelia akasogea kutoka jikoni. Aliuliza swali moja, bila kunitazama. Kwa miaka yote mijusi hao wamevumilia mwewe, nyoka, ukame na bibi zetu. Sasa nani atawalinda dhidi ya hawa wawili?

 Kisha mama mmoja nyuma akanyoosha mkono akasema, wewe. Wanawake wote wakanyoosha. Wanaume wakatazamana, nao wakanyoosha. Don Gumaro alisema yeye ni baba, hapigi kura. Lakini kofia aliitwaa yeye mwenyewe, akamvika. Ilimkaa sawasawa, kama iliyoshonwa kwa ajili ya kichwa kile.

Adhabu yangu: kila alfajiri nipande na Mwalimu, nimwonyeshe kila mahali nilipomkamatia kila mjusi, nimshikie mwavuli, nisiguse rangi. Ana picha za sura zao, atajaribu kuwatambua tena kwa madoa ya shingo. Nitakuwa chini ya amri ya mlinzi.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Mezani kulikuwa na maua ya njano niliyoyasahau, yamenyauka. Nililia kidogo. Gavana alikuwa dirishani, hakusema kitu.

Jumatano, 17 Aprili

Amerudi!

Alikuja jana na furushi lake na kofia kichwani. Nilisimama mlangoni nikamwuliza kama amesahau kitu. Akasema alisema kofia ikiingia nyumba hii naye ataingia, hakusema itaingia kwenye kichwa cha nani. Amepika kahawa. Nimekunywa vikombe vitatu, nikaenda nyuma ya nyumba nikamkumbatia punda shingoni. Sijui niandike nini zaidi. Nyumba ina sauti tena.

Kazi inaendelea. Dume la mkia uliokatika tumempata kwa urahisi, hana pa kujificha na mkia ule, naye bado anatawala jabali la juu. Wengine Mwalimu anawalinganisha na picha, polepole. Ngozi zinaendelea kubambuka na N zangu zinakwenda na upepo. Evaristo anabeba ndoo za maji mpaka kambini, bila chai. Fidelia hupita kati yetu na kofia yake, akisahihisha. Mwalimu jana alicheka mara moja. Nilimhesabia.

Leo asubuhi mke wangu alisimama mbele ya mlango, akautazama juu mpaka chini. Sehemu nyekundu, sehemu mbao tupu. Hakusema neno kuhusu Ijumaa na vidole vyangu. Alinipa brashi na lile kopo, akasema, "Leo," akatundika kofia kwenye msumari, akaenda kukamua mbuzi.

Nimefungua kopo. Rangi iliyobaki haitoshi hata ubao mmoja. Nimekaa nikiitafakari. Ni dhambi kuitupa rangi nzuri.

Halafu nimeitazama kofia. Nimeigeuza, nikaikagua ndani, mbele, pembeni, kila mahali. Haina chapa ya mtu yeyote! Siyo ya serikali, siyo ya Don Gumaro, siyo ya Fidelia. Imekaa siku tatu bila chapa, na sasa iko juu ya msumari wangu, kwenye ukuta wangu. Sheria ya milimani iko wazi, na hapa hakuna suala la mama.

Nimeweka N na mwezi kwa ndani, mbele, kwenye utepe ule unaogusa kipaji cha uso. Safari hii hakuna ngozi ya kubambuka. Nikaivaa kidogo papo hapo, nione inavyokaa. Nikaishindilia. Inanikaa vizuri kuliko inavyomkaa yeye. Nimeirudisha msumarini kabla hajaingia, nikaketi na shajara yangu kama mtu asiye na habari.

Sasa ameingia na ndoo ya maziwa. Amenitazama usoni. Ameweka ndoo chini, ameketi sakafuni, na anacheka, anacheka mpaka machozi, ananinyooshea kidole kwenye kipaji cha uso na hawezi kusema.

Sijui anacheka nini. Kofia iko pale pale msumarini.